Kukimbia kando ya Ziwa Geneva, kasri hadi kasri: maswali mnayoniuliza kila wiki

Kila akija mtu kwenye mkutano wa UN au WHO pale Geneva, Ijumaa jioni simu inaanza kuita: kaka nina Jumamosi moja tu, nikimbilie wapi? Majibu ni yale yale, basi nimeyaweka hapa yote, na ya mliouliza kuhusu vyoo pia yamo.

Ni sehemu gani hasa unayoiongelea?

Upande wa Uswisi wa Ziwa Geneva, wenyewe wanaliita Léman. Ni ziwa refu kama kilomita 73 hivi, limepinda kama mwezi mwandamo, upande wa kusini mwingi ni Ufaransa na upande wa kaskazini ni Uswisi. Mimi naongelea kipande cha kutoka Morges, unapita Lausanne, mashamba ya mizabibu ya Lavaux, Vevey, Montreux mpaka Villeneuve kule mwisho mashariki karibu na pale mto Rhône unapoingia ziwani. Mji wa Geneva wenyewe uko mwisho wa pili kabisa. Pale kunakimbilika vizuri tu, ila kwa kasri na milima ni bora upande treni uje huku.

Na kasri zenyewe ni zipi?

Ukitoka magharibi kwenda mashariki unakutana na ya Morges, halafu Ouchy chini ya Lausanne, halafu Glérolles katikati ya mizabibu, La Tour-de-Peilz pembeni ya Vevey, Châtelard iko juu kidogo kilimani pale Clarens, na mwisho Chillon ambayo ndo kila mtu anaijua kwenye picha. Ziko na nyingine, kwa mfano Vufflens nyuma ya Morges, kubwa ya matofali, lakini ile ni mali ya mtu binafsi huingii, unaiangalia kwa mbali unaendelea na safari.

Mbona zote zimejipanga njiani hivyo, utafikiri ziliwekwa kwa ajili ya wakimbiaji?

Swali zuri na ndo linafanya mimi niipende hii njia kuliko nyingine. Zamani barabara ya wafanyabiashara na mahujaji kutoka Ufaransa kwenda Italia ilipita hapa, inazunguka ziwa halafu inapanda kwenye pasi ya Great St Bernard, zaidi ya mita 2,400 juu. Sasa ukiangalia huku mashariki mlima unashuka moja kwa moja mpaka majini, nafasi ya kupita ni kaukanda tu kembamba. Watawala wa Savoy, ukoo uliotawala eneo hili zamani, wakaona hiyo, wakakaa pale pale kwenye shingo wakatoza ushuru, na yeyote mwenye nguvu kwenye ufukwe huu akajenga mnara wake karibu na maji na barabara. Kwa hiyo huhitaji kuzitafuta kasri, wewe fuata tu sehemu pekee ambayo mguu unaweza kupita na utazikuta. Pale Chillon mpaka leo utaona kwa macho: maji, kasri, njia ya miguu, reli, barabara, na juu kabisa madaraja marefu ya barabara kuu ya A9 yameng'ang'ania ubavu wa mlima, vyote vimebanana hapo hapo.

Nina siku moja tu. Nipe rauti moja.

Vevey mpaka Villeneuve, kama kilomita 12 na ushee, tambarare, karibu yote pembeni ya maji. Usinibishie.

Unashuka treni Vevey, unateremka dakika tano unafika Grande Place, uwanja mkubwa mbele ya ziwa. Ikiwa ni Jumamosi kuna soko pale, pita pembeni usigonge watu na vikapu vyao vya jibini. Ukifika majini geuka kushoto, kuanzia hapo ziwa liko mkono wako wa kulia mpaka mwisho, huwezi kupotea hata ukitaka. Mbele kidogo utaona uma mkubwa wa chuma umechomekwa ndani ya ziwa, umesimama wima, ule ni wa makumbusho ya chakula (Vevey ndo makao makuu ya Nestlé) na karibu yake kuna sanamu ya Charlie Chaplin, yule mzee aliishi kwenye kilima hapo juu tangu 1953 mpaka alipofariki 1977.

Baada ya hapo haraka sana uko La Tour-de-Peilz, kasri ya karne ya 13 yenye minara miwili ya mviringo inayoangalia bandari ndogo ya mashua, ndani siku hizi kuna makumbusho ya michezo, ile ya bao na karata na chesi, sio riadha. Wengi wanapiga picha wanasonga. Mimi nakushauri upunguze mwendo kidogo hapa maana ndo mahali milima ya mbele inafunguka yote, Dents du Midi ile yenye meno meno, zaidi ya mita 3,200, na mpaka mwezi wa sita unaweza kuikuta na theluji wakati wewe uko na singlendi.

Halafu Burier, Clarens, Montreux. Ukifika Montreux umekula kama kilomita 7. Hapa maua yanaanza, mji mzima wamepanda maua na michikichi ya mapambo ukingoni mwa maji, maana milima inaukinga na upepo wa kaskazini. Baada ya Montreux ni Territet, njia inapinda pinda, na kwenye kona moja hivi Chillon inatokea ghafla imekaa juu ya maji. Hapo hata wale wa "mimi sipigi picha nikiwa kwenye mbio" wanasimamisha saa.

Toka Chillon mpaka stesheni ya Villeneuve ni kama kilomita 2 za kupoza mwili.

Kwa nini nisiende halafu nirudi na njia hiyo hiyo?

Unaweza, ila kwa nini? Reli inafuata ziwa njia nzima na treni ndogo zinasimama kila kijiji: Lausanne, Pully, Lutry, Villette, Cully, Epesses, Rivaz, St-Saphorin, Vevey, La Tour-de-Peilz, Burier, Clarens, Montreux, Territet, Veytaux-Chillon, Villeneuve. Maana yake ukichoka popote unaingia kijijini unapanda treni. Mguu ukikaza, mvua ikija, mtoto akianza kulia, stesheni haiko mbali. Siri ya huku ni hiyo tu, kimbia upande mmoja, rudi umekaa. Vituo vidogo kama Rivaz treni sio nyingi, kwa hiyo cheki ratiba kwenye apu ya SBB, shirika la reli la Uswisi, kabla hujaamua kufia pale.

Na ukipenda zaidi, kipindi cha joto kuna meli za CGN, kampuni ya meli za ziwani, zile za kizamani zenye magurudumu pembeni, zinasimama Chillon, Montreux, Vevey, Cully, Ouchy. Ni polepole na bei iko juu kuliko treni, ila ukirudi nayo unaiona njia yote uliyokimbia kutokea majini.

Asubuhi au jioni?

Kama lengo lako ni nafasi, asubuhi sana kabla ya saa mbili, watalii wa mabasi hawajaamka. Kama lengo ni kuona, jioni. Asubuhi ukikimbia kwenda mashariki jua linakupiga usoni na kasri inabaki kivuli, wakati jioni jua liko nyuma yako linamulika kuta za Chillon na milima ya nyuma inageuka rangi ya waridi. Mwezi wa sita giza linaingia karibu saa nne usiku, una muda wote duniani. Desemba saa kumi na moja jioni tayari giza, vaa taa ya kichwani.

Nataka milima, sio kutembeza miguu kwenye lami na wazee. Kuna nini?

Lavaux. Anza Lutry, maliza St-Saphorin, kilomita 11 au 12 inategemea umepitia wapi, na kupanda jumla zaidi ya mita 300. Ukiwa bado una nguvu endelea Vevey, nyingine kama 4 au 5.

Hii ni mizabibu iliyopandwa kwenye ngazi za mawe kuanzia karibu na maji mpaka juu kabisa, watawa walianza kuijenga karne ya 11 na 12, na kuta za mawe ukiziunganisha zote wanasema zinafika kama kilomita 400. UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2007. Unapita vijiji vya Villette, Grandvaux, Cully, Riex, Epesses, halafu unaingia Dézaley ambako mteremko umesimama mpaka unajiuliza huyu mkulima anashikilia wapi. Na ndo maana utaona vitreni vidogo vya reli moja, nyembamba, vinapanda katikati ya mizabibu, vile wakati wa mavuno vinabeba makreti ya zabibu, mtu hapandi.

Wenyeji wanasema hapa kuna majua matatu: la angani, la kwenye maji, na la kwenye kuta. Ukikimbia Julai saa saba mchana utalielewa la tatu vizuri sana, ukuta unakurudishia joto mgongoni kama mtu amefungua oveni, na kivuli hakuna, mizabibu inakufika kifuani tu. Usiende saa hiyo.

Kitu kingine ambacho watu hawasemi: njia nyingi za Lavaux sio udongo, ni saruji na lami za matrekta. Kupanda sio shida, shida ni kushuka, goti linapokea kila hatua. Raba za trail zenye meno makubwa hazina kazi hapa, vaa raba za barabarani zenye soli nene.

Na Glérolles? Ukiwa juu ya Rivaz angalia chini, utaiona kasri ndogo pale pale majini, imezungukwa na mizabibu. Watu wanaiita Chillon ndogo ya Lavaux. Siku hizi inatengeneza mvinyo. Kuishukia na kuipandia tena ni nyongeza ya maumivu, lakini kama unaishia St-Saphorin basi shuka tu, iko karibu kabisa.

Naweza kufuata ufukwe pale Lavaux badala ya kupanda?

Vipande vipande tu. Kuna majumba ya watu yanashuka mpaka majini, kuna reli, kuna barabara kuu yenye magari. Utajikuta uko pembeni ya magari unavuta moshi huku juu yako kuna njia nzuri kuliko zote. Panda.

Njia za Lavaux nazijuaje, nisije nikaingia shambani kwa mtu?

Fuata vibao vya njano vya watembea kwa miguu. Vinaandika muda, sio kilomita, na ni muda wa mtu anayetembea, kwa hiyo kibao kikisema saa moja na nusu usiogope. Njia zenyewe ni za wazi kwa wote, ila ngazi ndogo zinazoingia katikati ya mistari ya mizabibu ni za mwenye shamba, hizo ziache.

Septemba na Oktoba ni mavuno. Trekta likija, wewe ndo unasimama, unajibana ukutani, unasema bonjour. Watu wako kazini.

Zabibu naweza kuchuma moja moja?

Hapana jamani.

Mimi ndo naanza, au niko na mtoto kwenye kigari. Kuna ya kirahisi?

Morges mpaka Ouchy, kama kilomita 12, tambarare, na unaweza kuikata popote. Kasri ya Morges iko mwanzoni kabisa karibu na bandari, ya mraba yenye mnara mnene kila kona, Louis wa Savoy aliijenga mwishoni mwa karne ya 13, leo ni makumbusho ya jeshi ya jimbo la Vaud. Aprili mpaka katikati ya Mei bustani ya karibu yake inajaa tulipu, watu ni wengi, kigari cha mtoto kitakwama kwenye selfi za watu.

Kutoka hapo unapita Préverenges kwenye ufukwe wa mchanga, St-Sulpice yenye kanisa la zamani la mawe, halafu unapita mbele ya vyuo vikuu viwili, EPFL na chuo cha Lausanne, hapa mchana utakimbizana na wanafunzi kwa hiyo usione aibu wakikupita. Halafu Vidy, ambako kuna mabaki ya mji wa Warumi, Lousonna, yako wazi tu kwenye nyasi unakimbia katikati yake bure. Pale pale Vidy ndo makao makuu ya Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa. Unamalizia Ouchy kwenye kasri ambayo sasa ni hoteli, mnara wake ni wa karne ya 12 lakini jengo lingine lote lilijengwa upya mwishoni mwa karne ya 19. Humo ndo Italia na dola ya Waturuki walisaini mkataba mwaka 1912 na Libya ikaenda kwa Waitalia, watu wanaokunywa kahawa pale barazani wengi hawana habari.

Kama bado una pumzi, songa mbele kidogo kwenye bustani ya Makumbusho ya Olimpiki. Bustani hailipiwi, na kuna sanamu za wakimbiaji wa zamani, Nurmi wa Finland na Zátopek. Mkimbiaji yeyote lazima apige picha na Zátopek, hilo halina mjadala.

Ni kweli Freddie Mercury yuko Montreux? Yule wetu wa Zanzibar?

Sanamu ya huyo mwimbaji, ndiyo. Iko Place du Marché, mgongo kwa soko, uso kwa ziwa, mkono juu, urefu kama mita 3, ilizinduliwa Novemba 1996. Njia ya Vevey–Villeneuve inapita mbele yake kabisa. Jamaa alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, jina la nyumbani Farrokh Bulsara, familia ya Waparsi, wakahamia Uingereza 1964 baada ya Mapinduzi. Bendi yake ya Queen walinunua studio humu Montreux na miaka yake ya mwisho alikuwa anakuja kujificha hapa, mji uko kimya, watu hawamsumbui. Studio yenyewe ilikuwa ndani ya kasino, baadaye ikafanywa maonyesho.

Mzanzibari akifika pale huwa anasimama dakika mbili tatu zaidi ya wengine, nimeshaona. Mikono ya wageni wote imenyooka juu kwa ajili ya picha, yeye anaangalia maji. Kutoka hapo mpaka Chillon ni kama kilomita 3 na nusu, kwa hiyo usikae mwili ukapoa.

Ndani ya Chillon inafaa kuingia, na jasho lote hili?

Inafaa, na hakuna anayekuuliza. Inafunguliwa kila siku isipokuwa 25 Desemba na 1 Januari. Kiingilio kipo. Kama hutaki kulipa, njia ya wakimbiaji inapita nje yake bure na kwa picha za nje unazipata zote.

Ila ukiingia, usianze na vyumba vya juu vya wakubwa, shuka chini kwanza. Kule chini ni kama kanisa, nguzo na matao, mwamba wenyewe wa kisiwa umeachwa umetokeza ndani ya chumba, na mwanga wa ziwa unaingia kwenye vidirisha vyembamba unachezacheza darini. Kwenye nguzo moja alifungwa mnyororo François Bonivard, mtu wa Geneva aliyempinga mtawala wa Savoy, alikamatwa 1530 na akakaa mpaka 1536 wanajeshi wa mji wa Bern walipoiteka kasri wakamfungua. Hadithi inasema alitembea kwa urefu wa mnyororo wake mpaka akaacha alama kwenye sakafu ya mwamba. Mshairi Byron alipita 1816, na kwenye nguzo nyingine kuna jina lake limechongwa, wameliwekea kioo.

Kuna na mambo mabaya zaidi ambayo waelekezaji wanayapita haraka. Mwaka 1348 wakati wa tauni Wayahudi wa Villeneuve waliteswa humo ndani kwa kusingiziwa kwamba wametia sumu visimani. Ni jengo zuri lakini lilikuwa jela pia, ukitoka na kurudi kwenye maua ya nje utaona tofauti.

Kuna mbio rasmi ninaweza kujiandikisha?

Lausanne Marathon, Oktoba mwishoni. Kwa miaka mingi njia yake imekuwa inatoka Lausanne inafuata barabara ya ziwa mpaka La Tour-de-Peilz halafu inarudi, na wa nusu marathoni wanaanzia La Tour-de-Peilz kurudi Lausanne. Barabara inafungwa magari, kwa hiyo ile barabara niliyosema usiipite chini ya Lavaux, siku hiyo ndo ipite. Ina vilima vidogo vidogo vinavyokula miguu kwenye kurudi, usitegemee rekodi yako binafsi, lakini majani ya mizabibu yamekuwa ya njano yote na huo ndo mshahara wako. Kingine kuna 20KM de Lausanne wakati wa machipuko, na ile inapanda mpaka mjini juu, na Lausanne juu ni juu kweli, chini ziwani mpaka kwenye kanisa kuu utalia. Tarehe na bei angalieni kwa waandaaji wenyewe, zinabadilika.

Natoka Iten, Kenya, mwinuko wa huku vipi?

Ziwa liko mita 372 tu juu ya bahari. Wewe unayelala mita 2,400 utahisi umepewa pafu la tatu. Ndo maana wanariadha wanaotafuta mwinuko wakija Uswisi hawakai huku, wanaenda St. Moritz kule mita 1,800 na kitu. Huku njoo kukimbia kasi au kupumzika.

Hali ya hewa. Nijiandae na nini?

Miezi bora kwangu ni Mei, Juni, Septemba na nusu ya kwanza ya Oktoba. Julai na Agosti joto, na Julai Montreux kuna tamasha la jazi, lipo tangu 1967, ule ufukwe wote wiki mbili ni vibanda na watu, kukimbia hapo jioni ni kuomba samahani kila hatua. Vivyo hivyo soko la Krismasi kuanzia Novemba mwishoni.

Adui wa hapa ni upepo unaitwa bise. Unatoka kaskazini mashariki, mkavu, baridi, unaweza kuvuma siku mfululizo, na ukiwa magharibi kama Morges au Geneva unakupiga bila huruma. Kipindi cha baridi unarusha maji ya ziwa yanaganda kwenye reli za ufukweni na viti vya bustani. Siku ya bise kimbia Montreux–Villeneuve ambako mlima unakinga, au kimbia ukiwa umeupa mgongo na urudi na treni, tena hilo la treni.

Novemba mpaka Januari kuna ukungu unakaa juu ya ziwa siku nyingi, huoni mlima hata mmoja. Watu wakitumiwa picha zangu za mwezi huo wanadhani nimehamia nchi nyingine.

Maji ya kunywa na vyoo?

Maji hayana shida kabisa, kila kijiji kina chemchemi ya jiwe inatiririka, jaza chupa, ni salama. Isipokuwa palipoandikwa "Eau non potable", hapo usinywe. Kwenye mizabibu kati ya kijiji na kijiji hakuna kitu, kwa hiyo Julai beba chupa yako. Vyoo vya umma vipo ufukweni karibu kila mji na vingi ni safi na bure, vya stesheni kubwa weka sarafu mfukoni.

Gharama zikoje?

Njia ni bure, kila kitu kingine kinauma. Uswisi ni faranga, sio yuro. Kama unalala hoteli za Montreux au Vevey utapewa kadi ya mgeni, Montreux Riviera Card, na usafiri wa eneo lile unakuwa bure, wengi wanaiacha chumbani hawajui. Basi namba 201 linatoka Vevey mpaka Villeneuve linapita mlangoni mwa Chillon, kwa hiyo kwa kadi hiyo hata kurudi hulipi. Bila kadi, nunua tiketi kabla hujapanda treni, kule ndani hawauzi, wanakagua, na "mimi mgeni" haifanyi kazi. Kutoka uwanja wa ndege wa Geneva mpaka Montreux ni treni moja, kama saa moja na robo. Begi liache kwenye makabati ya stesheni.

Chakula cha mchana nunua supamaketi, mkate, ndizi, jibini. Ukitaka kukaa mgahawani watu hula samaki wa ziwani anaitwa sangara mdogo wa huku, perche, vipande vyembamba vilivyopikwa kwa siagi. Chakula maarufu cha jimbo, papet, ni liki (mboga ya jamii ya kitunguu) na viazi vikiwa na soseji juu, na soseji hiyo ni ya nguruwe, kwa hiyo Waislamu mjue mapema.

Dada zangu wanauliza: kukimbia peke yangu ni salama?

Ufukwe wa Vevey–Montreux una watu mpaka usiku na una taa. Lavaux gizani hapana taa kwenye njia nyingi, na hofu pale ni ngazi na kuta kuliko watu, ukikosea hatua unadondoka ngazi nzima ya shamba. Namba ya ambulensi ni 144, polisi 117, na 112 pia inafanya kazi. Salamu ni bonjour kwa kila unayekutana naye kijijini, jioni bonsoir. Ukipita kimya ndo wanakushangaa.

Naweza kuogelea baada ya mbio?

Kiangazi ndiyo, Villeneuve kuna sehemu ya kuogelea na Lausanne pale Bellerive karibu na Vidy. Agosti maji yanafika digrii 22 na zaidi. Machi utaona wazee wanaingia na kofia za sufu kichwani, wale waache, wana mambo yao.

Nikifika Villeneuve bado nina miguu, niende wapi?

Usipande treni. Endelea moja kwa moja kuingia Les Grangettes, hifadhi ya matete na misitu kati ya Villeneuve na mdomo wa Rhône. Njia ya udongo, tambarare, laini kwenye goti baada ya saruji zote zile, na ndege wa majini wengi hasa majira ya baridi. Baki kwenye njia, ndege wanataga humo, na kuna sehemu mbwa lazima afungwe kamba. Kabla hujaingia msituni geuka uangalie ziwani, kuna kisiwa kidogo cha Peilz, miti michache tu na ukuta. Kasri ya mwisho kwa wenye uroho ni Aigle, ndani kidogo bondeni, kama kilomita 10 kutoka Villeneuve, katikati ya mizabibu, ina makumbusho ya mvinyo. Ukifanya Vevey mpaka Aigle yote umevuka nusu marathoni, na stesheni ya Aigle treni za moja kwa moja kurudi Lausanne zipo.